Anayekamua Ngamia Wako Si Mgeni

Kuna siku moja, mwanangu Hodan, ambayo nimejaribu kuisahau kwa zaidi ya miaka thelathini nikashindwa. Jana uliponiwekea lile faili mezani ikanirudia yote, hata harufu ya spiriti tuliyosafishia chupa. Uliniita mjomba kwa lugha yetu, kama kawaida: "Abti, pitia tu kurasa za mwisho, tunasaini Jumatatu." Halafu ukacheka, ukaagiza chai. Mimi nikasema macho yananiuma. Hayakuwa yananiuma. Nilikuwa nimeshafika ukurasa wa kumi na tisa, na nilikuwa naona haya kukutazama.

Najua ulitoka hapa ukisema mzee ana wivu. Huenda hata mama yako umemwambia, na mama yako huwa hakosi la kuongeza. Sina wivu nawe. Nina jambo ambalo nilipaswa kukwambia siku ile ulipoajiriwa kufundisha chuoni, nikaliahirisha, na kila mwaka nikaliahirisha tena. Linamhusu babu yako Bulle, baba wa mama yako, ambaye kwangu alikuwa mjomba. Alifariki ukiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Umesikia kwamba alikuwa na ngamia wengi, kisha akawa hana. Hukuambiwa kwa nini, kwa sababu anayejua ni mimi, na mimi nilinyamaza.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nimetoka chuo kikuu Nairobi na shahada ya afya ya mifugo, kalamu mbili mfuko wa shati, moja haiandiki ila ilikuwa inang'aa. Wakati huo kulikuwa na ugonjwa unaoua ngamia kwetu Wajir, upande wa Hadado. Ngamia anaamka mzima, adhuhuri shingo imevimba anakohoa, jioni amelala hainuki tena. Wengine walisema ni majani, wengine upepo, wengine kijicho. Chuo kimoja cha ng'ambo kikaungana na chuo chetu ili kuutafiti. Walihitaji mtu anayejua lugha na anayejua visima ni vya nani. Wakanichukua mimi, nami nikaona dunia nzima imenichukua.

Kiongozi wao tulimwita Profesa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alikuwa mtu mwema. Alilala juu ya mkeka kama sisi, alikunywa maziwa ya ngamia bila kukunja uso, alijifunza Kiswahili cha kutosha kuuliza habari za watoto na akasubiri jibu. Laiti angekuwa mwizi. Kisa hiki kingekuwa chepesi kukisimulia, na mimi ningekuwa nalala vizuri.

Tulipofika kisimani Hadado wafugaji walikataa. Damu ya ngamia haichotwi na kutiwa kwenye chupa ya mtu usiyemjua kwao. Jamaa mmoja aliyetoka Kutulo alisema kwao walipita watu kama sisi, wakachota, wakaaga vizuri, na hadi leo hawajaonekana hata vumbi lao. Nikamtazama mjomba wangu. Bulle alikuwa ameegemea fimbo yake, na watu wakawa wanamsubiri yeye. Alijua kwamba akikataa, mimi nimeaibika mbele ya wageni wangu. Akasogea mpaka mbele ya Profesa, akamsemesha mwenyewe kwa Kiswahili chake cha soko la mifugo.

"Mimi nauliza kitu moja tu. Hii damu mnabeleka kwenu. Ikifika huko, sisi tunabata nini?"

Profesa akajibu, "Majibu, mzee. Tukijua kinachoua ngamia, na ninyi mtajua."

Bulle hakutosheka. Akarudi kwenye Kisomali, akaniambia nitafsiri pole pole, nisiruke neno. Akamweleza habari ya irmaansi. Wewe umezaliwa mjini Garissa, umelelewa kwa maziwa ya pakiti, kwa hivyo na wewe sikiliza. Mtu akifilisiwa na ukame au maradhi, jirani humkopesha ngamia anayenyonyesha. Anamkamua, anakunywa na watoto wake, mwaka, miaka miwili. Maziwa ni yake, hakuna anayemuuliza amekunywa kiasi gani. Ila ngamia si wake, wala ndama si wake. Mvua ikinyesha na mambo yakitulia, anamrudisha mama pamoja na ndama. Hakuandikwi kitu. Wazee wawili watatu wakishuhudia, basi. Anayemchinja ndama hashitakiwi popote, ila hatakopeshwa tena, yeye wala wanawe.

"Mwambie," akasema Bulle, "sisi tunawakopesha ngamia wa maziwa. Wanywe. Waandike vitabu vyao, wapate vyeo vyao, hayo ni maziwa na tumewahalalishia. Lakini habari ya kinachoua ngamia wetu, huyo ni ndama. Ndama ni wa hapa. Arudi hapa kwanza."

Profesa alifurahi mno. Alitoa daftari lake, akaniomba nimtajie lile neno herufi kwa herufi, akasema hajapata kusikia maelezo mazuri ya ushirikiano kama hayo. Akampa Bulle mkono mbele ya watu. Siku ile wafugaji walifunga ngamia mmoja baada ya mwingine, nasi tukachota damu hadi jua likapungua ukali. Kila chupa niliiandika kwa mkono wangu, jina la mwenyewe na jina la ngamia, maana ngamia wetu wana majina. Wa kwanza alikuwa wa Bulle, jike jeupe aitwaye Barwako. Profesa akampiga picha.

Tulipokuwa tunanawa, Bulle akanivuta kando. "Abti," akaniita. Unajua kwetu mjomba humwita mpwa wake kwa jina lile lile ambalo mpwa humwita yeye, na mimi nilipenda sana aliponiita hivyo. "Abti, karatasi ya watu hawa, neno la ndama limo?"

"Haijasainiwa bado. Itasainiwa Nairobi."

"Basi liingize."

Nikacheka kidogo, kicheko cha msomi. "Abti, huyu ni mgeni. Amelala kwako, amekula kwako. Nitamwambiaje mgeni aandike kwamba hatatuibia? Si ni aibu?"

Hakucheka. "Ugeni ni siku tatu," akasema. "Siku tatu humuulizi mtu atokako wala aendako. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatuna jembe, tunampa ndoo akavute maji. Anayekamua ngamia wako si mgeni tena. Huyo ni mwenzako, na mwenzako unamwambia usoni."

Nikasema inshallah. Nisamehe Mungu, nilisema ile inshallah yetu ya kumtoa mtu njiani.

Nairobi, mkuu wa idara alinipa rasimu ya mkataba. Yeye Hadado hajawahi kufika, akataka mimi niisome sehemu ya nyanjani. "Ukiona kitu niambie kabla ya Ijumaa," akasema, "wenzetu wamesema bado tunaweza kurekebisha." Zingatia hapo, mwanangu, kwa sababu watu hupenda kusema tulilazimishwa. Hakuna aliyenishika mkono. Nilipewa karatasi, nikapewa na siku za kuisoma.

Niliisoma Jumanne. Sampuli zote na chochote kitakachotokana nazo kitakuwa cha upande wa pili. Matokeo hayataambiwa mtu yeyote mpaka wao wenyewe wayachapishe. Upande wetu utapata gari la kutumia mpaka utafiti uishe, friji moja, na nafasi ya mtu mmoja kwenda kusoma kwao shahada ya uzamili. Neno la ndama halikuwamo. Kuliingiza kulihitaji mstari mmoja na ile kalamu yangu inayoandika. Karatasi ikakaa mkobani Jumatano, ikakaa Alhamisi, na Ijumaa nikairudisha nikasema, "Iko sawa."

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba kilichoniziba mdomo ni heshima ya mgeni. Nimelisema kwenye semina, watu wakatikisa vichwa wakaandika neno utamaduni. Ni uongo, Hodan, na wewe ndiye wa kwanza kuusikia ukiitwa hivyo. Mkuu wa idara alikuwa ameniambia ukumbini, mikono mfukoni, akitazama dirishani, "Ile nafasi ya masomo itamfaa kijana mtulivu." Mimi nikawa mtulivu. Tamaa yangu niliivalisha kanzu ya ukarimu nikaenda nayo hadi msikitini.

Basi nikaenda ng'ambo. Wiki ya kwanza walinionyesha maabara, wakafungua friji moja kubwa, na nilipoinama nikaona mwandiko wangu. Bulle, Barwako, Hadado. Chupa zimepangwa safi, zimetunzwa kuliko nilivyotunzwa mimi. Nilisimama pale nikifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa zake safarini. Ujinga ni mzigo, lakini mwenye nao hahisi uzito.

Mwaka wa pili majibu yakapatikana. Mwanafunzi mwenzangu alinieleza tukiwa tunakula, kwa maneno machache kabisa: ugonjwa wenyewe umejulikana, na ngamia akidungwa sindano siku ile ile shingo inapoanza kuvimba, wengi wanapona. Akaitaja dawa. Mwanangu, nilikuwa naijua dawa ile. Ilikuwa inauzwa Garissa, kwenye maduka ya dawa karibu na soko la mifugo, na Wajir pia. Niliacha chakula mezani, nikaenda mbio kwa Profesa kumwomba tupeleke habari Hadado.

Profesa alivua miwani akaifuta muda mrefu. Alisema haiwezekani kabla ya kuchapisha. Miezi michache tu. Mkataba unasema hivyo, na chuo chetu kimesaini, na mimi mwenyewe nilipokuja kusoma nilisaini karatasi ya kutii mkataba. Alisikitika kweli, niliona. Nikamkumbusha habari ya irmaansi. Akasema anaikumbuka sana, huwa anawasimulia wanafunzi wake.

Niliandika barua kwa Bulle. Mistari mitatu: jina la dawa, kiasi cha kudunga, siku ya kudunga. Stempu nilinunua. Kisha nikafikiria nikigunduliwa nitarudishwa nyumbani bila shahada, na watu wa Wajir watasema nini, na mama yangu ataweka wapi uso wake. Barua nikaiweka ndani ya kitabu, nikasema nitaituma wiki ijayo. Ile miezi michache ikawa mwaka na ushei.

Ugonjwa ulirudi Hadado baada ya mvua za vuli. Mama yangu aliniandikia kwa mkono wa jirani: "Mjomba wako hana ngamia." Hakuongeza neno. Baadaye niliambiwa walikufa ndani ya siku nane, na kwamba Barwako alikuwa wa mwisho, na kwamba Bulle alikaa naye pale chini akimfukuzia nzi.

Nilirudi na shahada yangu, na koti, na lile jarida lenye utafiti ndani ya bahasha ngumu lisikunjike. Nikapanda lori hadi Hadado. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Wallahi, nilikuwa nataka kutukanwa.

Bulle alikuwa amehamia pembeni mwa mji mdogo, na mbuzi wachache. Aliponiona aliinuka, akaenda ndani, akatoka na mkeka. Si ule wa kukalia kila siku. Ule mzuri, wenye rangi, uliokuwa ukining'inia ukutani ukingoja wageni. Akautandika kivulini, akanikaribisha kwa mikono miwili. Bibi yako akaleta maji ya kunawa, Bulle mwenyewe akanimiminia. Anjera ya kwanza nikapewa mimi, kipande cha nyama kizuri nikapewa mimi. Nikaona dumu la maji tupu, nikainuka nikajaze, kwani mimi si mtoto wa nyumba ile? Nimechunga ngamia wake tangu nina miaka saba, na fimbo zake nimeshaonja nilipopoteza mwana mbuzi. Akaniwekea mkono begani. "Kaa," akasema. "Mgeni hachoti maji."

Siku ya kwanza hakuniuliza kitu. Siku ya pili hakuniuliza kitu. Watoto waliambiwa wasipige kelele karibu nami. Hakuna aliyenitania kuhusu koti langu, na koti lile lilistahili kutaniwa. Hakuna aliyenituma hata kiberiti. Mama yako, ambaye tulikuwa tunagombana tangu utotoni, alinisalimia akitazama chini. Nikakaa juu ya mkeka ule kivulini, nikihudumiwa, na nikatamani ardhi ipasuke.

Asubuhi ya siku ya tatu Bulle alikuja akakaa mbele yangu.

"Siku tatu zimekwisha," akasema. "Ndama yuko wapi?"

Nikampa jarida. Alilipokea kwa mkono wa kulia, akafungua kurasa taratibu, mtu asiyejua kusoma hata lugha yake. Akafika penye picha ya Barwako. Ngamia ameonekana mzima, kichwa hadi mkia, amefungwa kamba, na kamba imeshikwa na mkono uliokatwa na ukingo wa picha penye kiwiko. Bulle aliutazama muda mrefu. "Huu mkono ni wangu," akasema. Nikamwonyesha mwishoni mahali walipowashukuru wafugaji wa eneo hilo. Akaniuliza jina lake liko wapi. Nikasema halipo.

"Na ugonjwa?"

Nikamweleza. Jina la dawa, kiasi, siku ya kudunga. Ile mistari mitatu yote.

"Inauzwa wapi?"

"Garissa. Na Wajir ipo."

Alikuwa na tabia ya kusugua goti akifikiri, lakini siku ile mikono ilitulia. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimesafiri njia yote nikiomba asiniulize. "Ulijua lini?"

Sikuweza kumdanganya. "Mwaka jana, abti. Kabla ya mvua."

"Subhanallah," akasema, polepole, kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Halafu, "Maziwa umekunywa. Na ndama umemchinja."

Hakunilaani. Ningefurahi angenilaani, kwa sababu laana mtu unaweza kwenda kuombea toba. Alinisindikiza hadi barabarani kama wasindikizwavyo wageni, akasubiri hadi lori likaja. Aliishi miaka miwili mingine. Kila nilipokwenda kumwona alitandika ule mkeka, na hadi siku ya mwisho ya uhai wake sikurudi kuwa mtoto wa nyumba ile.

Majuto ni mjukuu, husemwa, na huja baadaye. Utafikiri basi nilijirekebisha, nikawa simba wa kutetea haki za watu wetu. Nilijaribu. Nilipoanza kufundisha hapa Garissa nilikaa kwenye kamati ya mkataba wa kwanza tuliouletewa, nikasema habari ya ndama mwanzo hadi mwisho. Wenzangu walinisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza hotuba ndefu ya Ijumaa na nje kuna joto. Kisha mmoja akasema, "Mwalimu, tukiwabana sana watakwenda chuo kingine." Wakasaini. Mkataba wa pili nilisema tena, kwa sauti ndogo zaidi. Wa tatu nilisema nina mkutano. Wa nne na wa tano nilikaa kwenye picha, mstari wa mbele, nikitabasamu. Uliza ile friji iliyo ofisini kwangu isiyo na umeme, ambayo hunihifadhia karatasi za mitihani zisiliwe na mchwa. Umeshanicheka mara ngapi kwa ajili yake? Hilo ndilo fungu letu katika mkataba mmojawapo. Mchwa kweli hawaingii.

Sasa umeniletea wa sita. Ukurasa wa kwanza una maneno matamu: usawa, kuheshimiana, manufaa ya pande zote mbili. Nimekwisha kujua kwamba utamu huwekwa ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kumi na tisa umeandikwa yale yale niliyoyasoma nikiwa na miaka ishirini na sita, ila sasa hivi wameongeza na maziwa yenyewe na maarifa ya wafugaji, yale ya kutambua ugonjwa kwa harufu ya mkojo na kwa mwendo. Uliniambia, "Abti, hawa wako poa, si kama wale wa zamani." Naamini. Hata Profesa alikuwa poa. Mtu mwema akishika karatasi mbaya, karatasi ndiyo itakayofanya kazi.

Na ukurasa wa ishirini na mbili, ambao ulinifunikia kwa kikombe cha chai, nao niliuona. Nafasi moja ya uzamivu. Sikulaumu, mwanangu. Najua nafasi kama hiyo inavyomvuta mtu anayeiona na jina lake karibu.

Leo asubuhi mjomba wako Noor, mwana wa Bulle, alinipigia simu kutoka Hadado. Yule alianza upya baada ya baba yake, kwa ngamia mmoja aliyekopeshwa na jirani, akamrudisha pamoja na ndama kama inavyotakiwa, na leo ana zizi. Akaniambia wenzake hawataki kusikia habari ya watu wa chupa. "Lakini nimesikia ni Hodan anakuja nao," akasema. "Kama ni Hodan, nitawafunga ngamia wangu mwenyewe." Baba yake alifanya hivyo hivyo kwa ajili yangu. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo methali isemavyo, lakini mimi nilichuma janga wakalila wao peke yao, mimi nikala shahada.

Basi nasaha yangu ni hii, na haina utamu. Kabla ya Jumatatu uliza ndama yuko wapi. Uliza usoni, kwa sauti, wote wakiwa wamekaa, na jibu likitoka lisiishie kwenye kupeana mikono, liandikwe. Liandikwe kwamba jambo lolote la kuokoa mnyama au mtu litafika Hadado siku litakapojulikana, kwa Kisomali, kwa mdomo, kisimani, hata kama jarida bado halijachapishwa. Sehemu ya kila kinachochotwa ibaki hapa, kwenye friji yenye umeme. Aliyetoa maarifa jina lake litajwe kama la aliyeyaandika, na mkono wa mtu usikatwe kwenye picha. Na kama wetu anakwenda kwao kusoma, wao pia walete mtu akae na Noor mwaka mzima ajifunze, maana elimu iko pande zote mbili. Usiseme ni wageni unaona haya. Wakishashika chuchu ya ngamia wako ugeni umekwisha. Na ukisikia moyo wako unakwambia nyamaza kwa heshima, uchunguze vizuri, usije ukakuta una shahada mfukoni.

Sikudanganyi kwamba ukisema hivyo utashinda. Nadhani hutashinda. Watafunga mafaili yao kwa upole, watakwenda chuo kingine, na hicho kitasaini. Wenzako watakununia, na ile nafasi itapata kijana mtulivu. Nami sijui kama utalisema neno hilo. Mimi sikulisema, na nilikuwa na mjomba aliyeniambia niliseme. Pengine nimekusimulia haya yote ili tu Jumatatu usaini ukiwa unajua, na hilo nalo linanisikitisha.

Lakini mzee hamwachi mtoto bila dua. Mungu akufungulie ulimi pale watu watakapokuwa wanatabasamu. Akulinde na nafasi yoyote ambayo bei yake inalipwa na mtu mwingine. Amhifadhi Noor na zizi lake. Na siku utakaporudi Hadado baada ya yote haya, Hodan mwanangu, nakuombea usikute mkeka umetandikwa. Ukute dumu tupu mlangoni, na mjomba wako akufokee uende ukachote maji.